Kaloli wa Kalerwe na ndevu za Rwenzori

Kampala hatumtazami kaloli, yule korongo mkubwa wa jijini, tunamkwepa. Ukiegesha gari chini ya mti wake, utarudi ukute boneti imepigwa chokaa. Ukipita chini ya paa anaposimama, unaongeza mwendo na kuinamisha kichwa. Wanaompiga picha ni wageni. Sisi tumemzoea, na mazoea yana taabu: kitu ukikiona kila siku huoni tena kilivyo.

Leo nataka kumlinganisha na likeni, kile kitu cha kijivu kinachoota kwenye magome ya miti. Mpwa wangu aliposikia alicheka hadi akaweka simu chini. "Mjomba, ndege na ukungu wa mti? Umekosa kazi?" Kazi ninayo. Ila kwa muda sasa viumbe hawa wawili wamekuwa wakigombana kichwani mwangu, mmoja wa Kalerwe ninakonunua mboga, mwingine wa milima niliyokulia chini yake, na naona kila mmoja ananisaidia kumwelewa mwenzake kuliko ningemsoma peke yake.

Nianze na huyu wa mjini.

Kaloli, ambaye vitabuni huitwa korongo mfuko-shingo na wanasayansi humwita Leptoptilos crumenifer, ni ndege mkubwa wa kutisha. Akisimama wima hukaribia mita 1.5, yaani ana kimo cha mtoto wa shule ya msingi, na mabawa yakikunjuliwa hupita mita 2. Kichwani hana manyoya ya maana, ni vinyweleo vichache tu juu ya ngozi yenye mabaka na magamba. Ukitaka kumwona vizuri, nenda kwa wauza matumbo sokoni asubuhi, kabla jua halijawa kali. Asubuhi huwa hana haraka. Mwili ule hauinuliwi kwa kupiga mabawa pekee; anasubiri ardhi ipate moto, hewa ianze kupanda, ndipo aipande na kuzunguka juu ya jiji kwa saa nyingi bila jasho. Akiruka hukunja shingo, tofauti na korongo wengi wanaonyoosha shingo mbele.

Sasa mtazame chini. Mama muuza matumbo anakwangua utumbo wa ng'ombe, anakata utando asioutaka, anautupa nyuma bila kugeuka. Kaloli aliye karibu hatoki mbio. Anapiga hatua mbili za mtu mzima, anainamisha mdomo ule mrefu mnene, anaunyanyua utando kwa ncha, halafu anarusha kichwa nyuma mara moja. Utando umekwisha. Unachoona baadaye ni donge likishuka polepole ndani ya shingo tupu, na ndege amesimama akiangalia pembeni kana kwamba si yeye.

Nilimuuliza yule mama kama hawamsumbui.

"Huyu ananisumbua nini, baba? Wateja wengine wananiambia kesho. Huyu hajawahi kukopa."

Kuna jambo moja kuhusu mdomo ule ambalo watu hawalifikirii. Unatisha, lakini hauwezi kuchana nyama kama mdomo wa tai. Porini kaloli hufika kwenye mzoga na kusubiri tai waufungue, kisha huiba vipande au huokota vinavyodondoka. Tai mzoga wa Kalerwe ni panga la muuza nyama. Machinjio ya jiji kule barabara ya zamani ya Port Bell yanafanya kazi hiyohiyo kwa kiwango kikubwa zaidi: yanamkatia, yeye anameza.

Ule mfuko wa rangi ya nyama unaoning'inia kifuani nao umesingiziwa mengi. Nimesikia watu wazima wakisema ni ghala lake, kwamba anaweka akiba ya chakula cha watoto. Si ghala. Ndani mna hewa tupu, nao hautokani na tumbo bali na njia ya hewa. Anautumia kujionyesha, kwa majike na kwa wapinzani. Miguu myeupe je? Si myeupe. Ni ya kijivu iliyokolea, ila anajinyea kwa makusudi, ule unyevu ukikauka unamtolea joto mwilini. Akitoka kwenye mtaro wa maji ndipo utaona rangi yake ya kweli. Nakubali si tabia ya kusimuliana mezani, lakini ndege mweusi anayeshinda juani kwenye paa la mabati lazima ajue pa kupeleka joto.

Wala hana sauti. Hugonganisha mdomo, hukoroma kidogo akiwa kiotani, basi. Jike hutaga mayai 2 au 3, wazazi wote wawili huyaatamia kwa karibu mwezi mmoja, na makinda hukaa kiotani zaidi ya miezi 3 kabla ya kuruka. Fikiria kilo za matumbo zinazohitajika kwa miezi hiyo, kisha fikiria ni kwa nini amechagua mti ulio karibu na soko.

Likeni ni habari nyingine kabisa.

Nilikulia Kilembe, chini ya milima ya Rwenzori magharibi mwa Uganda, katika nyumba za wafanyakazi wa mgodi wa shaba. Kiswahili kilikuwa lugha ya kazini kwa sababu wafanyakazi walitoka kila upande, na sisi watoto tuliifanya ya mpirani na ya kugombana. Shaba iliacha kuchimbwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, lakini watu wengi hawakuondoka, na sisi tukiwamo. Mlima tuliuona kila siku, pale ulipokubali kuonekana, maana Rwenzori hushinda imejifunika. Kuupanda ilikuwa kazi ya Wakonzo na ya wazungu. Mimi niliupanda nikiwa mtu mzima, na kwa njia ya Kilembe yenyewe.

Unaanza kwenye msitu wa kawaida wenye tumbili na kelele za ndege, halafu mianzi, halafu ukivuka mita 3,000 hivi unaingia mahali ambapo rangi zinabadilika. Kule miti ya jamii ya erika, ambayo sehemu nyingine duniani ni vichaka vya magotini, inakuwa mirefu kama nyumba. Kila tawi limefunikwa. Chini kuna mimea midogo laini ya kijani iliyolowa maji, juu kuna ndevu: nyuzi za kijani cha kijivu zinazoning'inia kutoka kila kitawi, nyingine fupi kama kiganja, nyingine ndefu kuliko mkono. Ukungu unapopita kati ya miti unachujwa na nyuzi hizo na kuacha matone. Hakuna mvua, lakini unalowa.

Hiyo ndiyo likeni ninayoizungumzia, ya jenasi iitwayo Usnea. Wapagazi tuliokuwa nao waliziita ndevu tu.

Mmoja wao, mzee aliyekuwa akitembea na mabuti ya mpira kwenye matope ambayo yalinifika mimi magotini, aliniona nikizishika. Akaweka mzigo wake juu ya gogo. "Subiri nikuonyeshe, mwanangu." Akachuma uzi mmoja uliolowa, akaushika ncha zote mbili na kuuvuta polepole. Ganda la kijani likapasuka na kuachana vipande vipande, na katikati ukajitokeza uzi mweupe mwembamba, unaovutika kidogo kama mpira kabla ya kukatika. Akaniambia ukiuona uzi mweupe, hizo ndizo ndevu zenyewe. Nyingine zinazofanana nazo ukizivuta zinakatika tu.

"Zinaua mti, mzee?"

"Haziui mti. Mti ni kiti chao. Wanakaa."

Baadaye nilisoma na kukuta mtaalamu yeyote wa likeni angesema vilevile. Usnea haina mizizi. Hainyonyi maji ya mti wala chakula cha mti. Maji inayapata kwenye ukungu na mvua, madini inayapata kwenye vumbi na matone, na chakula inajipikia yenyewe kwa mwanga. Na hapo kwenye kujipikia ndipo pana mambo, kwa sababu hakuna "yenyewe" ndani ya likeni.

Likeni ni kuvu na mwani wanaoishi pamoja. Kuvu ndiyo nyumba: lile ganda la nje, na ule uzi mweupe wa katikati unaoipa nguvu ya kuning'inia kwenye upepo. Mwani ni chembe za kijani zilizopangwa chini ya ganda, nazo ndizo zinazogeuza mwanga kuwa sukari. Kuvu inamhifadhi mwani asikaushwe na jua, mwani anailisha kuvu. Jua likikaza, kitu kizima kinakauka hadi kinavunjika mkononi, na shughuli zote zinasimama. Ukungu ukirudi kinaamka, na mwani hahitaji hata tone la maji. Hewa yenye unyevu inatosha kumrudisha kazini. Mwaka 2005 wanasayansi wa Ulaya walirusha aina mbili za likeni kwenye anga za juu, wakaziacha wazi nje ya chombo kwa takriban wiki mbili, bila hewa, chini ya jua lisilochujwa na kitu. Ziliporudi zilikuwa hai.

Habari ya kwamba likeni ni wawili ilitangazwa na Mswisi Simon Schwendener mwaka 1867, na wataalamu wakubwa wa likeni wa wakati huo waliichukia. Waliona wanavunjiwa heshima: mmea waliousoma maisha yao yote unaambiwa si mmea, ni kuvu iliyomfunga mwani utumwani. Maana Schwendener mwenyewe alilisema hivyo, bwana na watumwa wake. Waliokuja baada yake wakapoza maneno na kuita ushirikiano. Mwaka 2016 kundi lililoongozwa na Toby Spribille likaongeza chumvi kwenye kidonda kwa kuonyesha kwamba katika baadhi ya likeni kuna mwenzi wa tatu, kuvu ya jamii ya hamira iliyojificha ndani ya ganda. Nani anamlisha nani, nani anamlinda nani, nani ni mpangaji na nani mwenye nyumba, bado wanabishana.

Naam, mpwa wangu, hapa ndipo kaloli anaporudi.

Sisi tunamhesabu kaloli kama ndege wa porini aliyevamia jiji. Nadhani hesabu hiyo ina kasoro. Kaloli wa Kampala ni nusu ya kitu, na nusu ya pili ni kasasiro yetu, yaani taka. Kaloli wa mbugani anaishi vingine: anafuata mizoga, anasimama kando ya moto wa nyika akiokota nzige wanaokimbia, anakula kumbikumbi, vyura na samaki, na kwenye vijiji vya wavuvi anasubiri matumbo ya samaki. Wa mjini ameacha mengi ya hayo. Derek Pomeroy wa Chuo Kikuu cha Makerere, aliyewachunguza ndege hawa tangu miaka ya 1970, aliandika juu yao kama wala taka wa miji na masoko, na wakongwe wa Kampala watakuambia bila kusoma popote kwamba waliongezeka katika miaka ya Amin na iliyofuata, jiji lilipoacha kuzoa taka. Taka zilipoongezeka, ndege waliongezeka. Sukari ikiwepo, kuvu inakua.

Tena kaloli analipa. Matumbo yakibaki mtaroni siku moja Kampala, pua yako itakuambia, na nzi watakuambia kabla ya pua. Yeye anayamaliza asubuhi. Tumbo lake linastahimili nyama iliyooza ambayo ingemlaza mtu hospitali, na halipi kodi wala hagomi. Nimeishi karibu na soko muda wa kutosha kujua kwamba gari la taka lisipokuja wiki nzima, wanaokuja ni kaloli.

Ila nisizidishe. Likeni inapozaliana kwa vipande, kila kijipande kinachochukuliwa na upepo hubeba kuvu na mwani pamoja. Wanahama wote wawili, wanaanza maisha mapya wote wawili. Huo ni mkataba uliokwisha kufungwa zamani. Wetu na kaloli hatujawahi hata kuukubali. Yeye anajua anatutegemea, angalau tumbo lake linajua, na sisi tunamwona mchafu. Katika lugha ya Schwendener, sisi ndio mwani anayelisha, kisha tunashangaa kuona kuna kuvu.

Kiteezi iliniongezea uchungu wa jambo hili. Dampo lile lilifunguliwa mwaka 1996, likapokea taka za Kampala kwa karibu miaka 30 mpaka likawa mlima, na tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, likaporomoka na kufunika nyumba. Zaidi ya watu 30 walifariki. Kabla ya hapo, picha karibu zote za Kiteezi zilikuwa na makaloli: mamia yao, wamesimama kati ya akina mama na vijana waliokuwa wakichambua plastiki. Watu na ndege walikuwa wakifanya kazi moja. Baada ya msiba nilisikia mazungumzo redioni ambamo kaloli alitajwa kama sehemu ya uchafu unaopaswa kuondolewa, kana kwamba yeye ndiye aliyepeleka malori. Ndege hakupandisha kilima kile hata kwa gramu moja. Alikuwa akikipunguza.

Turudi mlimani, kwa sababu likeni nayo ina upande wake wa uchafu.

Kaloli ana mlango. Kinachoingia mdomoni kinapita kwenye tumbo lenye ukali wake, kibaya kinauawa, kisichofaa kinatapikwa au kinatoka nyuma. Likeni haina mlango wowote. Haina ngozi ya nta kama jani, haina mzizi wa kuchagua, haina tumbo. Hewa yote inayopita inaingia mwilini mwake, na ikishaingia haina jani la kulidondosha wala pa kuitapika. Ukungu ukiwa safi, likeni inaneemeka. Ukungu ukiwa na moshi wa salfa, mwani aliye chini ya ganda anaungua, na bila mwani kuvu inakufa njaa.

Mtaalamu wa likeni William Nylander aliliona hilo Paris mwaka 1866: likeni zilikuwapo kwenye bustani ya Luxembourg na hazikuwapo sehemu nyingine za jiji, na akasema zinapima usafi wa hewa. (Ni Nylander huyuhuyu aliyempinga Schwendener kwa ukali kuliko karibu wote. Mtu anaweza kuona mbali kwa jicho moja na lingine akalifumba.) Miaka ya viwanda vya makaa ya mawe, miji mingi ya Ulaya ilibaki na magome matupu. Mwaka 1970 Waingereza Hawksworth na Rose wakatoa kipimo cha ngazi 10: taja likeni unazoziona kwenye mti, nitakutajia kiasi cha salfa hewani. Zenye kuning'inia kama ndevu ziko kwenye ngazi za hewa safi kabisa. Ndizo za kwanza kuondoka.

Kampala leo tuna vyombo. Mradi wa AirQo wa Makerere umetengeneza vipima hewa vya bei nafuu, vikafungwa kwenye majengo na hata kwenye bodaboda, na unaweza kufungua simu ukaona hewa ya mtaa wako ikoje saa hii. Ni kazi nzuri sana. Lakini mimi ninayetoka Kilembe nikipita chini ya miti ya Kampala macho huenda kwenye gome, na sijaona ndevu. Zipo likeni za aina nyingine, zile bapa zilizobandikwa kwenye gome kama ramani, za kijivu na nyeupe, zenye kustahimili. Ndevu hapana. Sehemu ya sababu ni joto na ukavu wa chini, maana zinapenda ukungu. Moshi wa matatu kuukuu hauwezi kuwa umesaidia.

Na kuna mahali ambapo kaloli na likeni wanakutana kweli, si kichwani mwangu tu. Kinyesi cha ndege kina nitrojeni nyingi. Kuna likeni zinazopenda hiyo, kama zile za rangi ya machungwa zinazochanua kwenye miamba wanakotua ndege wa baharini. Usnea na jamaa zake hawaiwezi, amonia inawaharibu. Ukimpandisha kaloli Rwenzori na kumjengea koloni juu ya erika, ndevu zilizo chini yake hazitadumu. Mmoja anaishi kwa wingi wa mabaki, mwingine anaishi kwa uchache wa kila kitu, na kinachomnenepesha wa kwanza kinamuua wa pili.

Hili nililiona kwa karibu kwenye magogo. Jirani na ninapofanya kazi kulikuwa na miti mikubwa ya zamani iliyojaa viota. Wenye kiwanja, taasisi ambayo sitaitaja, walichoshwa na kinyesi kwenye magari ya wakubwa. Wakaleta misumeno ya moto mwishoni mwa wiki. Jumatatu tulikuta magogo yamelala, matawi yenye viota yamesagwa, na makaloli wazima wamesimama juu ya paa la jengo lilelile, wakitazama chini. Makinda sikuyaona, mlinzi alisema yalibebwa pamoja na matawi. Nilikwenda kwenye gogo moja. Upande wa juu wa gome, uliokuwa chini ya viota, ulikuwa mweupe na tupu, umeungua kwa miaka ya kinyesi. Ukigeukia upande wa pili, ambako kinyesi hakikufika, gome lilikuwa limejaa zile ramani za kijivu, nyingine pana kuliko sahani, mistari yake myeusi ikipakana kama mashamba. Likeni za namna hiyo huongezeka kwa milimita chache kwa mwaka. Zile ziliwahi kuwapo kabla sijaajiriwa pale, labda kabla sijazaliwa. Gazeti moja liliandika juu ya ndege. Ramani zile ziligeuzwa mkaa.

Na magari ya wakubwa? Bado yananyewa. Paa liko juu yake.

Nikiulizwa ni nani kati ya wawili hawa ananitia wasiwasi, si kaloli. Kaloli ana pa kurudi. Taka za Kampala zikipungua kesho, wengine watakufa njaa, wengine watashindwa kulea makinda, na waliobaki watatawanyika kwenye vijiji vya wavuvi na mbugani, waanze tena kusubiri tai. Ndege anayeweza kula kumbikumbi, samaki na utumbo wa ng'ombe hafi kirahisi. Ndevu za Rwenzori hazina hiari hiyo. Zinaishi kwenye mkanda wa erika na ukungu, na mkanda ule unafuata baridi. Barafu ya Rwenzori ilikuwa na kilomita za mraba 6.5 hivi mwaka 1906, mwaka ambao mwanamfalme wa Italia, Duke wa Abruzzi, alifika kilele cha Margherita. Mwaka 2003 ilibaki takriban kilomita 1 ya mraba, na imeendelea kupungua. Joto likipanda, mkanda unapanda, na mlima kadiri unavyopanda unakuwa mwembamba. Juu ya Margherita, mita 5,109, hakuna mahali pengine pa kuhamia. Mlima ule ni hifadhi ya taifa tangu 1991 na urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1994, na walinzi wake wanaweza kumzuia mtu mwenye shoka. Hewa hawana namna ya kuizuia.

Kuhusu kaloli, suala limeshafika kwenye mkutano wa mtaa wetu. Kuna waliopendekeza sumu. Kuna kijana aliyependekeza fataki, akaeleza kwa mikono jinsi zitakavyolipuka juu ya mti. Nilisimama nikasema kwamba ndege huyu hutamfukuza ukiwa bado unamlisha. Kwamba wauza matumbo wakipewa pipa lenye kifuniko na gari likija kila jioni, mti utabaki na viota vichache bila mtu kupanda ngazi. Na kwamba sumu ikiwekwa kwenye matumbo, kabla ya kaloli watakaokula ni mbwa wa jirani, na pengine mtoto. Mama wa Kalerwe aliyekuwa nyuma yangu akauliza pipa hilo litanunuliwa na nani. Swali zuri. Mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, akaandika kitu kwenye daftari, akasema tutalizungumza kikao kijacho, tukimaliza habari ya mtaro.